Bustani ya jikoni hutengenezwa kiangazi: maandalizi ya Januari na Februari kabla ya mvua za Machi

SOMO LA AFYA NA LISHE

Somo hili ni kwa ajili yako wewe unayeishi kambini, iwe Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali, na pia wewe uliyekuja kuishi hapa Kampala, Katwe, Nsambya, Kansanga au Masajja. Limeandikwa na wahudumu wa afya wa kujitolea wa Kampala, kwa hiyo mifano mingi ni ya mjini ambako nafasi ni ndogo. Penye tofauti na kambini tutaonyesha.

Baada ya kusoma utaweza:
1. Kueleza kwa nini bustani ya mboga ni jambo la afya.
2. Kuchagua mahali salama pa kupanda.
3. Kutengeneza mboji kwa taka za jikoni.
4. Kutayarisha gunia au tuta la mboga.
5. Kupima mbegu kabla ya kuzipanda.
6. Kupika mboga ili mwili upate faida yake.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA JUU YA MBOGA?

Wote tunajua jinsi chakula cha msaada kilivyopungua. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi walio Uganda hadi asilimia 70 ya kiwango kamili. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na nyingine zikaondolewa katika orodha. Mwaka 2025 fedha zikapungua tena, na watu wapatao milioni moja wakaacha kupokea msaada huo. Na sisi tuliokuja Kampala tunajua kwamba mjini kila mtu anajitafutia.

Fedha zikipungua, mama hununua kwanza unga wa posho, kisha maharagwe kidogo, kisha makaa. Mboga huachwa hadi mwisho, na mara nyingi haifikiwi. Tumbo la mtoto linajaa, hata analala vizuri, lakini damu yake inapungua polepole bila mtu kuona. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2016, watoto 53 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 hapa Uganda walikutwa na upungufu wa damu. Watoto 29 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao.

Upungufu wa damu una sababu zaidi ya moja. Malaria hula damu. Minyoo hula damu. Na chakula kisicho na madini ya chuma hakirudishi damu iliyopotea. Kwa hiyo bustani inakwenda pamoja na chandarua na dawa za minyoo. Usikose siku za afya ya mtoto ambazo hufanyika mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba, ambapo watoto hupewa vitamini A na dawa ya minyoo bila malipo.

Tuseme ukweli kuhusu bustani ndogo. Gunia moja la mboga halilishi familia, na haliwezi kuchukua nafasi ya mgao wala ya mshahara. Kazi yake ni kuongeza katika sahani kile ambacho posho haina. Konzi mbili tatu za majani mabichi kila siku, mwaka mzima, ni kitu kikubwa kwa mtoto wa miaka miwili na kwa mama mjamzito.

KWA NINI TUANZE SASA WAKATI HAKUNA MVUA?

Uganda ya kusini na ya magharibi ina misimu miwili ya mvua. Mvua za kwanza huanza Machi hadi Mei, na za pili Septemba hadi Novemba. Katikati kuna kiangazi, ambacho wengine wetu tunakiita kipwa: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Kampala, kwa sababu ya kuwa karibu na Ziwa Victoria, hupata manyunyu hata kiangazi, lakini Januari, Februari na Julai ni miezi mikavu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini anayengoja mawingu ndipo atafute jembe amekwisha kuchelewa. Sababu ni hizi:

- Mboji inahitaji miezi miwili hadi mitatu kuiva. Ukianza mwanzoni mwa Januari, itakuwa tayari Machi.
- Miche ya sukuma wiki na nyanya inakaa kitaluni wiki nne hivi. Ukisia mbegu katikati ya Februari, utahamisha miche mvua inapoanza.
- Magugu yenye mizizi mirefu kama lumbugu hufa yakichimbwa wakati wa jua. Ukiyachimba wakati wa mvua, kila kipande cha mzizi huota upya.
- Mvua za kwanza ndizo zenye nguvu kwa mimea. Aliyepanda mapema huvuna mapema, wakati mboga sokoni bado ni ghali.

Kwa hiyo kiangazi ni wakati wa kazi, ingawa hakuna kinachoonekana kijani.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA MAHALI SALAMA

Omba ruhusa. Mjini, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuleta gunia la kwanza uani, na ni vizuri mwenyekiti wa LC1 ajue. Kambini, lima katika kiwanja ulichopewa, na kama mpaka haueleweki uliza viongozi wa wakimbizi kabla ya kuchimba. Ugomvi wa mpaka umewaumiza watu wengi.

Kama wewe ni mpangaji, panda katika vitu vinavyobebeka: magunia, mabeseni yaliyopasuka, madebe, jerikani za zamani zilizokatwa ubavu. Siku ukiambiwa uhame, bustani yako inahama nawe.

Angalia jua. Mboga za majani zinahitaji jua angalau saa nne au tano kwa siku. Ua uliozungukwa na kuta pande zote hauna jua la kutosha. Jaribu ngazi, ukingo wa veranda, au mahali pa kuanikia nguo.

Kaa mbali na barabara kubwa. Utafiti uliofanywa kando ya barabara za Kampala na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba madini ya risasi yalikuwa mengi katika udongo na katika majani ya mboga zilizo karibu na lami, na yalipungua kadiri ya kwenda mbali, hadi kama mita 30. Petroli yenye risasi haitumiki tena, lakini risasi iliyokwisha kuingia katika udongo haiozi wala haiondoki. Inadhuru ubongo wa mtoto. Kama huna mahali pengine, weka ukuta au ua wa mimea katikati, tumia gunia lenye udongo uliotoka mbali, na osha majani vizuri.

Usipande katika mfereji wa maji machafu. Mfereji wa Nakivubo hupitisha maji ya katikati ya jiji, ya vyoo na ya viwanda, hadi kwenye bwawa na kisha ziwani. Majimbi na miwa huko hustawi sana, lakini kustawi si dalili ya usalama. Kanuni za kilimo mjini zilizopitishwa na baraza la jiji mwaka 2006 zimekataza kilimo katika sehemu za hatari za namna hiyo.

Epuka pia: mahali palipokuwa gereji au palipochomwa taka, karibu na shimo la choo, na bondeni ambako mafuriko hufika kila msimu.

HATUA YA PILI: ANZA MBOJI (wiki ya kwanza ya Januari)

Agosti 2024 jaa la taka la Kiteezi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni vitu vinavyooza: maganda ya matoke, maganda ya viazi, majani ya mboga. Kile tunacholipa kichukuliwe ndicho chakula cha udongo.

Unahitaji gunia kuukuu au pipa bovu lenye matundu chini na pembeni. Kambini unaweza kuchimba shimo la upana wa mita moja na kina cha nusu mita, au kurundika juu ya ardhi kivulini. Fanya hivi:

1. Chini kabisa weka vijiti au mabua ili hewa ipite.
2. Weka tabaka la vitu vikavu, unene wa kiganja: majani makavu, nyasi, maganda ya karanga, vumbi la mbao kidogo.
3. Weka tabaka la vitu vibichi, unene huohuo: maganda ya matoke, ya viazi, ya ndizi, mabaki ya mboga. Katakata vipande vidogo kwa panga, vitaoza haraka.
4. Nyunyiza udongo kidogo na jivu la sigiri, konzi moja tu. Jivu likizidi linaharibu. Jivu la mahali palipochomwa kavera au plastiki lisitumike kabisa.
5. Kama una samadi ya mbuzi, kuku au sungura, weka tabaka jembamba.
6. Nyunyiza maji. Rudia matabaka hadi gunia lijae, kisha lifunike.

Ukikamua mboji mkononi, iwe kama kitambaa kilichokamuliwa: na unyevu lakini isitiririshe maji. Ichomeke fimbo hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoe na kuigusa. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikiwa na harufu mbaya, ongeza vitu vikavu. Geuza mboji yote kila baada ya wiki mbili. Imeiva ikiwa nyeusi, inavunjika kwa vidole, na inanukia kama udongo baada ya mvua.

USIWEKE: nyama, mifupa, samaki, mafuta, wala chakula kilichopikwa, kwa sababu vinaita panya. Usiweke kinyesi cha mtu, nepi za watoto, wala kinyesi cha mbwa au paka. Samadi ya wanyama isitiwe mbichi kwenye mboga za majani. Iachwe kwanza ioze pamoja na mboji.

Kama nyumbani hampiki matoke, ongea na wauzaji wa matoke yaliyomenywa katika soko la karibu. Wengine huuza maganda kwa wafuga ng'ombe, lakini ndoo moja ya yaliyobaki jioni mara nyingi hutolewa bure.

HATUA YA TATU: TAYARISHA GUNIA AU TUTA (Februari)

Gunia la mboga, kwa anayeishi Kampala

Vifaa: gunia la kilo 100, kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, mawe madogo au vipande vya matofali, udongo karai mbili kwa kila karai moja ya mboji. Kama mboji ya Januari haijaiva, gunia la kwanza lijaze kwa udongo mweusi wa juu na samadi iliyooza, kisha mboji utaiongeza Machi.

1. Kunja mdomo wa gunia nje, ulisimamishe juu ya mawe au matofali ili maji yasituame chini.
2. Weka kopo katikati ya gunia na kulijaza mawe.
3. Jaza udongo uliochanganywa kuzunguka kopo hadi usawa wa juu wa kopo.
4. Vuta kopo juu polepole. Mawe yatabaki yamesimama kama nguzo.
5. Jaza kopo mawe tena, ongeza udongo, vuta. Endelea hadi gunia lijae, bakiza kiganja kimoja juu.
6. Mwagia maji na uache siku tatu nne. Udongo utashuka, ongeza tena.
7. Toboa matundu pembeni, umbali wa kiganja kimoja kati ya tundu na tundu, na matundu ya mstari wa juu yasilingane na ya chini yake.

Nguzo ya mawe inapeleka maji hadi chini. Bila nguzo hiyo mimea ya juu inalewa maji na ya chini inakufa kwa kiu. Kosa hili tunalikuta nyumba nyingi.

Pembeni panda sukuma wiki, nakati au mchicha. Juu panda nyanya mbili, vitunguu, au biringanya. Gunia la plastiki likichakaa kwa jua, hamisha udongo kwenye gunia jipya; udongo wenyewe hautupwi.

Usitumie madebe ya rangi, masanduku ya betri za gari, wala jerikani iliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu. Kuosha hakuondoi sumu hiyo.

Tuta la mboga, kwa aliye kambini

Pima tuta upana wa mita moja ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Chimba kwa kina cha jembe mara mbili na ung'oe mizizi ya lumbugu, uianike juani hadi ikauke kabisa. Usichome nyasi, zitakuwa matandazo. Changanya mboji au samadi iliyooza, kisha funika tuta kwa nyasi kavu hadi siku ya kupanda. Kufunika kunazuia jua lisikaushe udongo.

Penye mteremko, matuta yakate mteremko, yasifuate njia ya maji. Mahali pakavu kama Nakivale, tengeneza tuta lililozama chini ya usawa wa ardhi kwa kiganja kimoja, ili kila tone la mvua likae. Mahali pa maji mengi, fanya kinyume: inua tuta.

Maji ya kumwagilia

Gunia moja linatosheka na lita 5 hivi kwa siku wakati wa jua kali. Gawanya asubuhi na jioni. Wengi wetu maji tunanunua, kwa hiyo tumia maji ya kuoshea mchele, maharagwe na mboga, na yale ya mwisho ya kusuuza vyombo. Usitumie maji ya Jik, ya nepi, wala ya kufulia nguo za mgonjwa anayeharisha.

Maji yasituame katika mabeseni, makopo na matairi yanayozunguka bustani. Mbu huzaliwa humo. Mara moja kila wiki geuza kila kitu chenye maji. Bustani isiwe sababu ya malaria nyumbani.

HATUA YA NNE: MBEGU

Panda mnachopenda kula. Hii ni orodha ya kuanzia:

- Mchicha, ambao Waganda wanauita dodo na Wakongo lengalenga. Mbegu ni ndogo sana. Changanya na mchanga ndipo unyunyize. Unaanza kuliwa baada ya wiki tatu au nne.
- Nakati. Inachelewa, wiki sita hadi nane, lakini ukikata majani na kuacha shina inachipua tena.
- Sukuma wiki. Ukichuma majani ya chini na kuacha ya juu, mche mmoja unakupa mboga kwa miezi.
- Matembele na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Majani ni mboga, na viazi vina vitamini A nyingi. Aina za Ejumula na Kakamega ziliidhinishwa Uganda mwaka 2004. Daktari Robert Mwanga, Mganda mtafiti wa viazi hivi, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.
- Maharagwe yenye madini ya chuma. Aina za NAROBEAN zilitolewa na watafiti wa Uganda mwaka 2016. Hayafai gunia, lakini yanafaa kiwanja cha kambini.
- Maboga. Majani yake ni mboga, mbegu zake zina mafuta na madini. Acha mmea utambae juu ya ua.

Hapa Kampala maduka mengi ya mbegu yako Container Village, karibu na Nakivubo. KCCA pia ina kituo cha mafunzo ya kilimo cha mjini huko Kyanja, ambako unaweza kuona kwa macho namna mboga zinavyopandwa penye nafasi ndogo.

Mbegu mbovu au za udanganyifu zipo sokoni. Kabla ya kutumia nafasi yako yote, pima hivi: chukua mbegu 10, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa joto, unyevu usikauke. Baada ya siku saba zihesabu. Zikiota 8 au zaidi ni nzuri. Zikiota 5 hadi 7, panda nyingi zaidi. Zikiota chini ya 5, tafuta nyingine. Jambo hili halina gharama na linaokoa msimu mzima.

Kuanzia msimu huu, acha mimea miwili mitatu iliyo bora ikomae hadi itoe mbegu. Zikaushe kivulini, zichanganye na jivu kavu kidogo, uziweke katika chupa iliyofungwa vizuri. Msimu wa Septemba hutanunua.

RATIBA FUPI

Wiki ya 1, Januari: omba ruhusa, chagua mahali, anza mboji.
Wiki ya 2: kusanya magunia, mawe na makopo, chimba mara ya kwanza.
Wiki ya 3: geuza mboji, anika mizizi ya magugu.
Wiki ya 4: tafuta mbegu na kuzipima.
Wiki ya 5: geuza mboji, jaza gunia la kwanza, panda mchicha, umwagilie.
Wiki ya 6, katikati ya Februari: sia sukuma wiki na nyanya kitaluni, chini ya kivuli cha nyasi.
Wiki ya 7: geuza mboji, chimba matuta mara ya pili na kuyafunika.
Wiki ya 8: mchicha wa kwanza unakaribia kuliwa, jaza magunia mengine, sikiliza redioni utabiri wa msimu unaotolewa na mamlaka ya hali ya hewa.
Machi, mvua zikishika: hamisha miche jioni, si mchana.

Usihadaike na mvua moja ya Februari. Subiri udongo uwe na unyevu hadi kina cha kidole kizima ndipo uhamishe miche. Kazi hizi zirudie Juni na Julai kwa ajili ya mvua za Septemba.

KUTOKA BUSTANI HADI SAHANI

1. Osha majani kabla ya kuyakata, kwa maji safi, mara mbili. Ukikata kwanza, vitamini zinaondoka na maji.
2. Pika kwa muda mfupi na usimwage supu yake.
3. Weka mafuta kidogo au karanga zilizosagwa. Mwili hauwezi kuchukua vitamini A vizuri bila mafuta.
4. Ongeza nyanya, au kamua limau wakati wa kula. Vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika majani.
5. Usinywe chai pamoja na chakula. Chai inazuia madini ya chuma. Ngoja saa moja au mbili.
6. Sombe ni tofauti: itwange na uichemshe muda mrefu bila kufunika, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.
7. Mtoto aliyefikisha miezi sita: ponda majani laini uchanganye na uji mzito, viazi au maharagwe, huku ukiendelea kumnyonyesha. Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha.
8. Mboga zilizofunikwa na maji ya mafuriko zisiliwe mbichi. Zikiwa zimefikiwa na maji ya choo, zing'oe na kuzitupa.

Mama mjamzito aendelee na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Mboga ni nyongeza, si badala ya vidonge.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Swali: Nina kesi ya kuhamishiwa nchi nyingine. Kwa nini nihangaike na bustani ya hapa?
Jibu: Tunakuelewa, na tunakuombea jina litoke. Lakini mchicha unaliwa baada ya wiki nne, na mtoto anayekua leo hawezi kusimamisha kukua kwake hadi kesi iishe. Ukiitwa kabla ya kuvuna, mwachie jirani.

Swali: Mimi nimefika juzi, sina gunia wala jembe.
Jibu: Anza na beseni moja lililopasuka na konzi ya mbegu za mchicha uliyopewa na jirani. Toboa chini, jaza udongo. Mchagua jembe si mkulima. Unaweza pia kuungana na familia mbili tatu na kununua vifaa pamoja.

Swali: Wadudu wakila mboga nitumie dawa gani?
Jibu: Kwanza ondoa wadudu kwa mkono asubuhi. Kwa vidukari, nyunyiza maji ya sabuni kidogo, au maji yaliyolowekwa pilipili na kitunguu saumu. Dawa za dukani katika ua wa futi kumi ambamo watoto wanacheza ni hatari kuliko wadudu.

Swali: Mtoto wangu amekonda sana. Nimpe mboga nyingi zaidi?
Jibu: Mpeleke kituo cha afya leo, usingoje bustani. Mhudumu atampima mkono kwa utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali unaohitaji matibabu. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, naye pia anahitaji msaada. Mpeleke vilevile ukiona miguu imevimba, viganja vimekuwa vyeupe, au anachoka haraka.

ZOEZI LA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Wiki iliyopita mlikula mboga za majani siku ngapi?
2. Ni taka gani za jikoni tunazozitupa ambazo zingekuwa mboji?
3. Katika ua wetu, jua linafika wapi saa nne asubuhi na saa tisa alasiri?
4. Mahali tunapotaka kupanda palikuwa na nini zamani? Nani anajua?
5. Nani atageuza mboji, na siku gani?

Ndugu msomaji, kama una gunia kuukuu na maganda ya leo, una vya kutosha kuanzia. Anza leo jioni na tabaka la kwanza. Ukikwama, mwite mhudumu wa afya wa kujitolea wa eneo lako aje muangalie pamoja, na ukifaulu, mfundishe jirani mmoja.